Maganda yenye makovu: kisa cha bunduki ya .308 iliyokula gesi kupita kiasi

Usuli

Mhusika ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha nchini Marekani, katika jimbo lenye kiangazi kikali na baridi ya kugandisha maji. Jina lake, klabu, jimbo na chapa ya bunduki vimeondolewa.

Bunduki ni ya nusu otomatiki, aina ya AR yenye fremu kubwa, ukoo wa ile AR-10 iliyobuniwa na Eugene Stoner kule ArmaLite katikati ya miaka ya 1950. Inatumia risasi ya .308 Winchester. Ina mtutu wa inchi 18, bomba la gesi la urefu wa kati, na bloku ya gesi (kipande kinachoipokea gesi kutoka mtutuni na kuipeleka bombani) ya kiwandani isiyo na marekebisho yoyote. Ndani ya kitako mna bafa fupi ya inchi 2.5, yaani kizito kinachopokea mshtuko wa mtambo unaporudi nyuma.

Mlengaji huyu hujaza maganda yake mwenyewe: hurudisha ganda kwenye umbo, huweka fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi. Ganda la daraja la mashindano ndilo ghali kuliko vijenzi vingine vyote, na ndilo pekee linalotumika tena. Kwenye bunduki yake ya kukoki kwa mkono maganda yalidumu vizuri. Kwenye hii ya nusu otomatiki alikuwa akitupa mengi baada ya kuyatumia mara mbili au tatu, mengine baada ya mara moja tu.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Maganda yaliruka mbali, mita tano hadi sita kuelekea kulia mbele, mpaka kwenye nafasi ya jirani. Mengi yalirudi na kovu la hilali katikati ya mwili. Na baadhi yalikuwa na midomo iliyokuwa bapa upande mmoja, kama herufi D.

Ganda linavyotoka

Kichwa cha risasi kinapopita tundu la gesi kwenye mtutu, sehemu ya gesi hupanda bombani na kurudi nyuma hadi kwenye kibebeo cha bolti, bolti ikiwa ndiyo kifungio cha nyuma ya mtutu. Kibebeo husukumwa nyuma, huizungusha bolti mpaka ifunguke, kisha huondoka nayo. Kulabu ya kuchomolea, iliyo upande wa kulia wa uso wa bolti, inaling'ata ganda kwenye ukingo wa kitako chake. Upande wa kushoto kuna pini ya kurushia inayosukumwa na springi. Muda wote pini hiyo inakisukuma kitako cha ganda, na mdomo wa ganda ukishapata nafasi kwenye dirisha la kutolea maganda, ganda linajipindua kulia na kuruka nje. Nyuma ya dirisha kuna nundu. Kwenye familia hii ya bunduki nundu hiyo ilikuja na M16A2, bunduki ya jeshi la Marekani, miaka ya 1980, ili mlengaji wa mkono wa kushoto asipigwe maganda usoni.

Kwa hiyo ganda lina kasi mbili tofauti. Moja ni ya bolti, nayo inatokana na gesi. Nyingine ni ya kujipindua, nayo inatokana na springi ya pini. Gesi ikizidi, bolti inaenda kasi na ganda linagongwa na nundu kwa nguvu, kisha linadunda kulia mbele. Gesi ikiwa ya kiasi, ganda huenda kulia au kulia nyuma kidogo. Ndiyo maana mwelekeo wa maganda ni kipimo cha kwanza ambacho kila mtu hukitazama, ingawa hakitoshi.

Bunduki nyingine zilishughulikia gesi kwa njia tofauti. FN FAL, bunduki ya kivita ya Ubelgiji, ilitoka kiwandani na kirekebishi cha gesi ambacho askari alikigeuza mwenyewe. G3 ya Ujerumani, ambayo askari wa Kenya wanaijua vizuri, haina bomba la gesi kabisa, na chemba yake (nafasi ya mtutu inamokaa risasi) ina mifereji inayoyaachia maganda mistari myeusi isiyoepukika. AR ya kiwandani iko katikati: gesi inarekebishika ukibadilisha bloku, lakini watengenezaji wengi hutoboa tundu kubwa kwa makusudi ili bunduki ifanye kazi na risasi dhaifu, kwenye uchafu na kwenye baridi. Anayelipia ukarimu huo ni mwenye kujaza maganda.

Hatua ya kwanza ya mwenyewe: velkro

Kabla ya kumwona fundi, mlengaji alibandika kipande cha velkro juu ya nundu, upande ule laini. Hilali zilipungua sana, akaona kazi imekwisha. Baada ya muda akagundua kwamba baadhi ya maganda hayaingii vizuri kwenye kishikio cha mashine ya kujazia, kwa sababu ukingo wa kitako umepinda. Velkro ilikuwa imeondoa kovu na kuacha chanzo kikiendelea kufanya kazi kimyakimya.

Velkro si kitu kibaya. Ni ya mwisho katika mpangilio, baada ya gesi kukaa sawa.

Kuyasoma maganda

Fundi wa klabu alianza na maganda kabla ya kugusa bunduki. Aliomba 50 yaliyofyatuliwa karibuni, ambayo hayajasafishwa, akayatenga kwa aina ya jeraha. Hatua hii ndiyo iliyobeba kisa kizima, na ndiyo watu wengi huiruka.

Hilali katikati ya mwili, pamoja na alama ya shaba ya njano kwenye nundu: ganda linagonga nundu kwa kasi. Ni jeraha la gesi.

Ukingo wa kitako uliopinda au kuchanika: bolti inafunguka mapema, wakati shinikizo bado linalibana ganda kwenye kuta za chemba, na kulabu inavuta kitu ambacho hakijawa tayari kutoka. Hili pia ni jeraha la gesi, na ndilo baya zaidi.

Alama ya duara inayong'aa juu ya maandishi ya kitako: shaba imeingia kwenye tundu la pini ya kurushia, kisha bolti ilipozunguka ikaikwangua. Inaweza kutokana na gesi, lakini inaweza pia kuwa onyo kwamba kipimo cha baruti kimepita kiwango. Haifai kuiwekea jibu moja bila kujaribu risasi nyingine.

Mikwaruzo ya urefu: mara nyingi hutokea risasi inapoingia, kutokana na midomo ya magazini au ngazi za kuingilia chemba. Jaribio lake ni rahisi. Risasi ya mazoezi isiyo na baruti wala fataki inaingizwa na kutolewa kwa mkono, polepole. Mkwaruzo ukionekana, hauhusiani na urushaji.

Mdomo bapa: hapa fundi hakutaka kubahatisha. Mdomo unaweza kugonga ukingo wa dirisha, au unaweza kugonga sakafu tu. Aliipaka nundu na kingo za dirisha wino wa kalamu nene, akatandika turubai nene kulia kwa benchi juu ya sakafu ya saruji, na mlengaji akafyatua kumi.

Maganda yaliyoangukia turubai yalikuwa na wino wa nundu mwilini, kama ilivyotarajiwa, lakini midomo mingi ilikuwa salama. Sehemu kubwa ya midomo bapa ilikuwa inatokana na saruji. Hakuna skrubu ya gesi inayotibu sakafu. Machache yalibaki na mkwaruzo mwembamba shingoni wenye wino wa ukingo wa mbele wa dirisha. Hayo yatarudi baadaye.

Kipimo cha mwanzo

Kumi hizo zilikuwa risasi za mlengaji mwenyewe. Kumi nyingine zilikuwa za dukani, za mashindano, zenye kichwa cha greni 168, yaani gramu 10.9. Za dukani zilirusha maganda mita tatu hadi nne, kulia mbele kidogo, na hazikupinda kingo. Za kwake zilifika mita tano hadi sita na zilipinda.

Sababu ilikuwa mezani kwake. Alikuwa akitumia fomula ileile ya bunduki ya kukoki kwa mkono, yenye baruti inayoungua polepole. Baruti ya namna hiyo inabaki na shinikizo kubwa zaidi kichwa kinapofika kwenye tundu la gesi, hata kama shinikizo la juu kabisa kwenye chemba liko ndani ya kiwango. Bunduki ya kukoki haijali, kwa kuwa haina tundu. Ya gesi inajali sana. M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na tatizo hilihili, na ndiyo maana IMR 4895, baruti ya mwendo wa kati, ilikuwa mwenzi wake wa kawaida.

Maamuzi na sababu zake

Kubadilisha baruti kwanza. Mlengaji alihamia Varget, baruti ya mwendo wa kati, kwa kipimo kutoka jedwali la mtengenezaji, akianzia chini na kupanda taratibu. Varget pia haiyumbishwi sana na joto na baridi. Alikuwa amependekeza njia nyingine: abaki na baruti yake na kupunguza kipimo chini ya kiwango cha chini cha jedwali ili bunduki "itulie". Fundi alikataa moja kwa moja. Kiwango cha chini kipo kwa sababu za usalama, na kasi ya bolti haitibiwi kwa kutoka nje ya jedwali.

Kuacha bafa nzito, kwa wakati huo. Bafa nzito huchelewesha kufunguka kwa bolti na ni nafuu, lakini gesi ya ziada inakuwa imeshaingia tayari. Kuna mtego pia. Kwenye AR za fremu kubwa, bafa ya inchi 2.5 ni ya bomba la kitako fupi la kawaida, na ya inchi 3.25 ni ya bomba refu zaidi. Ukiweka ndefu kwenye bomba fupi, bolti hairudi nyuma vya kutosha. Ukiweka fupi kwenye bomba refu, kibebeo kinapitiliza na kinaweza kupiga mwili wa bunduki.

Kufunga bloku ya gesi inayorekebishika. Iliyochaguliwa huziba njia ya gesi kwa skrubu yenye mibofyo. Ukifunga kabisa, bunduki inakuwa ya risasi moja moja.

Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Uamuzi huu ulivunjwa mara moja tu, na gharama yake iko hapa chini.

Kufunga bloku

Kabla ya bloku, fundi alikagua pete za gesi kwenye bolti: kibebeo kilisimamishwa wima kikiegemea uso wa bolti iliyovutwa mbele. Kikishuka chenyewe, pete zimechoka. Hakikushuka. Skrubu za ufunguo wa gesi juu ya kibebeo zilikuwa zimekazwa na kugongewa kingo zisilegee. Kama gesi ingekuwa inavuja hapo, marekebisho yote yangekuwa ya uongo.

Bloku ya zamani ilitolewa, bomba likahamishiwa kwenye mpya, na mpya ikasukumwa hadi ikagusa bega la mtutu. Bunduki ikakataa kujikoki hata skrubu ilipofunguliwa yote. Bloku ya kiwandani ilikuwa imeegemea kofia nyembamba ya kushikia kava la mkononi, na kofia hiyo haikurudishwa. Nafasi ya kiasi cha milimita 0.6 ilipotea, na tundu la bloku likawa nyuma ya tundu la mtutu. Alama ya masizi chini ya bloku ilionyesha wazi: badala ya duara ilikuwa nusu mwezi. Kipimo kikachukuliwa upya kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo), kutoka begani hadi katikati ya tundu. Skrubu za chini zikakazwa, zikiwa na gundi ya kustahimili joto.

Kurekebisha

Utaratibu ulikuwa huu. Bunduki safi, mafuta ya kawaida, miwani ya kinga kwa kila aliyepo. Skrubu ifungwe kabisa. Risasi moja kwenye magazini, siyo zaidi, ifyatuliwe. Bolti haitarudi nyuma, au itarudi nusu. Hakikisha chemba ni tupu, fungua mbofyo mmoja, rudia. Unatafuta mbofyo wa kwanza ambao bolti inarudi mpaka nyuma na kukamatwa na kizuizi cha magazini tupu. Ukiupata, irudie hali hiyo mara tano, risasi moja moja. Ikishindwa hata mara moja kati ya tano, ongeza mbofyo na uanze kuhesabu upya.

Bolti ilikamatwa mara tano mfululizo kwenye mbofyo wa saba. Fundi akaongeza miwili kuwa akiba, ikawa tisa. Kisha magazini ya risasi kumi, kwa mwendo wa kawaida, na nyingine kumi bunduki ikiwa imeshachafuka. Kurekebisha ukitumia bunduki safi peke yake kunakupa namba inayofanya kazi kwenye bunduki safi peke yake.

Maganda sasa yalianguka rundo moja kulia, nyuma kidogo, chini ya mita mbili. Hilali zilibaki dalili tu, kingo hazikupinda, na alama ya kung'aa kwenye kitako ilitoweka. Hilo la mwisho liliondoa shaka ya kipimo cha baruti.

Kosa la springi

Ulibaki mkwaruzo wa shingoni. Kwa kuwa bolti sasa ilikuwa taratibu, springi ya pini ndiyo iliyoonekana kuwa na nguvu kupita kiasi: ilikuwa inaipindua shingo dhidi ya ukingo wa mbele kabla ganda halijatoka lote. Siku hiyohiyo, fundi aliifupisha springi kwa kukata pindi moja, yaani mzunguko mmoja wa waya. Vilevile, kwa ombi la mlengaji aliyetaka maganda yaanguke miguuni pake, akafunga gesi mbofyo mmoja, kutoka tisa kwenda nane. Mchana ulikuwa wa nyuzi 33 za Selsiasi. Kila kitu kilikwenda vizuri.

Msimu wa baridi ulipofika, kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri, bunduki ilianza kulibana ganda dirishani, limesimama wima kama bomba la jiko. Katika magazini ya kumi lilitokea mara mbili au tatu, hasa mwanzoni. Mara nyingine bolti haikukamatwa mwishoni.

Baridi hupunguza shinikizo la baruti, hata ile isiyoyumba sana, na mafuta huwa mazito. Gesi ilikuwa na akiba ya mbofyo mmoja tu, na pini haikuwa na nguvu ya kuliokoa ganda linalotoka taratibu. Lipi lilikuwa na hatia? Kwa kuwa yote mawili yalibadilishwa siku moja, hapakuwa na njia ya kujua kwa kutazama. Ilibidi yatenganishwe upya. Springi ya asili ilirudishwa (pindi ilikatwa kwenye springi ya akiba, na huo ndio uangalifu uliookoa muda) huku gesi ikibaki nane. Ganda halikubanwa tena, lakini bolti bado ilikosa kukamatwa mara mojamoja. Gesi ilipofunguliwa hadi kumi, tatizo likaisha.

Matokeo

Bunduki ilibaki kwenye mbofyo wa kumi mwaka mzima, springi ya asili, velkro laini kwenye nundu na turubai juu ya saruji. Wakati wa joto maganda huenda mita mbili na nusu, kulia. Wakati wa baridi, chini ya mita mbili. Mkwaruzo wa shingoni upo na umeachwa, kwa kuwa haushikiki kwa ukucha na kalibu ya kurudishia umbo inaufuta. Maganda ya kundi lililoanza na marekebisho haya yalikuwa kwenye mjazo wa tano wakati kisa kinafungwa, na yaliyotupwa yalitupwa kwa sababu ya shingo kupasuka. Huo ni uchovu wa kawaida wa shaba, unaopunguzwa kwa kupasha shingo moto ili ilainike.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutenga maganda 50 kwa jeraha kabla ya kununua chochote. Bila turubai na wino, midomo bapa ingehesabiwa kuwa tatizo la gesi, na mtu angefunga skrubu akitafuta nafuu ambayo skrubu haina. Baruti nayo ilistahili nafasi ya kwanza iliyopewa: sehemu kubwa ya nafuu, pamoja na kingo kutopinda, ilionekana kwenye risasi za dukani kabla ya chuma chochote kubadilishwa.

Kilichoshindwa ni kupunguza akiba mbili kwa pamoja, tena siku ya joto. Mibofyo miwili iliyoongezwa mwanzoni haikuwa mapambo. Ndiyo iliyokuwa ibebe baridi, uchafu na magazini yenye springi ngumu. Ombi la maganda yaanguke miguuni lilitakiwa kujibiwa kwa turubai lililosogezwa.

Si kila kovu linastahili matibabu. Hilali isiyo na kona hunyooka yenyewe kwenye ufyatuaji unaofuata. Mdomo bapa hunyooshwa na kipanuzi ndani ya kalibu, ingawa kila kunyoosha kunaigumisha shingo kidogo. Mkunjo wenye kona kali mwilini, ukingo wa kitako uliopinda, au mstari unaong'aa kuzunguka ganda juu kidogo ya kitako: hayo yanatupwa. Huo mstari hausababishwi na urushaji. Unatokana na kurudisha nyuma kupita kiasi bega la ganda, pale mwili unapopungua kuelekea shingo, na ndani unahisika kwa waya uliopindwa ncha. Kwa bunduki hii bega hurudishwa milimita 0.08 hadi 0.10, na ganda hukatwa hadi milimita 50.93 linapokaribia kikomo cha 51.18.

Mlengaji sasa anafikiria kiziba sauti, ambacho jimbo lake linaruhusu kwa masharti ya sheria ya shirikisho. Kiziba sauti kinarudisha gesi nyuma na kurefusha muda wa shinikizo ndani ya mtutu, kwa hiyo namba kumi haitafaa. Utaratibu unaanza upya kutoka skrubu iliyofungwa, na namba mbili zitaandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la bunduki, moja ya kiziba na moja bila kiziba.